SARE KAMILI SI HISTORIA KAMILI

Uko mchezo mmoja katika nchi za Ulaya na Marekani ambao kila mwaka huwakusanya watu wazima kwa maelfu, watu wenye akili zao timamu na kazi zao za heshima, kwenye mashamba na mabonde yaliyowahi kuwa medani za vita. Watu hao huvaa sare za askari waliokwisha kufa zamani, hubeba bunduki za zamani, hulala katika mahema ya turubai, hutafuna biskuti ngumu kama ubao, kisha hupigana vita ambavyo mshindi wake anajulikana tangu enzi za mababu. Tena hushindana. Wakaguzi hupita mbele ya mstari wakitazama kofia, koti, mkanda, shanta, chupa ya maji na buti, ili waamue ni nani aliyefanana zaidi na askari wa kweli. Aliyepatia kila kitu husifiwa. Aliyesahau kuvua saa yake ya kisasa huchekwa mpaka jioni.

Wako ndugu zetu watakaouliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi, walimu wenye madaftari ya kusahihisha na watumishi wa umma wenye majalada mezani? Yanatuhusu, kwa sababu mbili. Kwanza, miongoni mwa majeshi ambayo sare zake huigwa na kutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, yamo majeshi mawili yaliyoikanyaga ardhi hii kati ya mwaka 1914 na 1918: Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani, na King's African Rifles la Waingereza, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Pili, tabia hiyo ya kuvikumbuka vita kwa kutazama nguo ya mpiganaji imekwisha kuingia hata kwetu, kwa njia ya filamu, ya picha na ya sanamu, na mwalimu asiyekuwa macho ataifundisha bila kujua kwamba anaifundisha.

Hoja yetu ni hii, na tunaitoa wazi ili asiwepo wa kusema kwamba hakuisikia. Mashindano ya sare hupima usahihi wa kifungo. Hayapimi usahihi wa historia. Kipimo kinachompa alama mtu kwa kile alichopewa na bohari ya jeshi hakina nafasi ya mtu ambaye bohari haikumpa kitu. Na katika vita vilivyopiganwa hapa kwetu, watu ambao bohari haikuwapa kitu ndio waliokuwa wengi, na ndio waliokufa kwa wingi.

MCHEZO ULIVYOANZA

Kuigiza vita si jambo la jana. Mwaka 1839 huko Scotland, Lodi mmoja wa Eglinton aliwakusanya mabwana wenzake wakavaa mavazi ya chuma ya karne za kati na kupigana kwa mikuki juu ya farasi, ili kuukumbuka ulimwengu wa mashujaa ambao, kwa maoni yao, ulikuwa umepotezwa na viwanda na kelele za wapiga kura. Mvua kubwa ikanyesha, uwanja ukawa tope, na watu waliotoka mbali kuja kutazama wakarudi makwao wamelowa. Tangu siku hiyo ya mwanzo mchezo huu ulikuwa na siasa ndani yake: watu wenye mali walivaa jana kwa sababu hawakuipenda leo.

Marekani nayo ilichukua zamu yake. Mwaka 1950 kilianza chama cha wapenda shabaha ambao hushindana kupiga bunduki za namna ile iliyotumika katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, wakiwa wamevaa sare za vikosi vya wakati huo. Mwezi Julai mwaka 1961, miaka 100 tangu pambano la kwanza la Manassas huko Virginia, pambano hilo liliigizwa upya mbele ya umati mkubwa. Huko Ubelgiji, mwezi Juni mwaka 2015, maelfu ya waigizaji kutoka nchi nyingi walikusanyika Waterloo kuadhimisha miaka 200 tangu kushindwa kwa Napoleon.

Kadiri miaka ilivyokwenda, mashindano yakawa makali. Wakatokea mafundi wa kuhesabu nyuzi. Kwa watu hao haitoshi koti kuwa la rangi ya buluu; sharti sufu yake iwe imefumwa kama ilivyofumwa wakati ule, na pindo lishonwe kwa mkono mahali ambapo fundi wa wakati ule alishona kwa mkono, hata kama hakuna jicho litakaloliona pindo hilo. Mwandishi Mmarekani Tony Horwitz, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu watu hao, aliwaeleza waigizaji waliojinyima chakula ili wakonde kama askari wa Kusini walivyokonda, na mmoja wao aliyesifika kwa ustadi wa kulala chini na kuvimba kama maiti iliyokaa juani.

Hatuwacheki watu hao. Wana hoja zao, na mpinzani wa haki huanza kwa kuzitaja hoja za mwenzake. Wanasema kwamba mtu aliyetembea siku nzima ya kiangazi amevaa sufu, na bunduki ya kilo nne begani, anajifunza jambo ambalo kitabu hakiwezi kumfundisha. Ni kweli. Wanasema kwamba wamechanga fedha kuzuia viwanja vya vita visijengwe maduka na majumba. Hilo nalo ni kweli, na lingefaa kuigwa. Wanasema pia kwamba nia yao ni kumheshimu askari wa kawaida, yule ambaye vitabu vya majemadari vimemsahau. Hapo ndipo tunaposimama na kuuliza: askari wa kawaida yupi?

DOLA TATU ZA NGUO

Tutazame vita hivyo hivyo vya Marekani. Mwaka 1863 kiliundwa kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari wake wote wakiwa watu weusi na maofisa wake wazungu. Tarehe 18 Julai mwaka huo kikosi hicho kiliishambulia ngome ya Wagner huko South Carolina, kikapoteza watu wengi. Leo wako waigizaji wanaovaa sare ya kikosi hicho, na baadhi yao walionekana katika filamu ya Glory ya mwaka 1989. Koti la buluu, suruali ya buluu isiyokolea, mkanda wa ngozi nyeusi, kofia yenye kilele kilichoinama mbele: vyote vinaweza kupatikana, na mkaguzi anaweza kutoa alama zote.

Lakini mkaguzi huyo haoni kitu kimoja. Askari mweupe wa cheo cha chini kabisa alilipwa dola 13 kwa mwezi. Askari mweusi alipangiwa dola 10, na katika hizo zikakatwa dola tatu kuwa gharama ya nguo. Alibaki na dola saba. Yaani sare ile ile ambayo leo hukaguliwa uzi kwa uzi ndiyo iliyotumiwa kumnyonya mwenye kuivaa. Askari wa kikosi cha 54 walikataa kuchukua mshahara huo wa aibu. Walipigana na kufa bila kupokea senti, mpaka Bunge la Marekani lilipokubali mwezi Juni mwaka 1864 kwamba walipwe sawa. Je, katika orodha ya mkaguzi, kukataa mshahara kuna alama ngapi? Hakuna mfuko wa koti ambamo mtu anaweza kuitia heshima hiyo ili ikaguliwe.

Tutoe mfano wa pili. Mwaka 1989 mwanamke mmoja alishiriki katika maigizo huko Antietam, amevaa kama askari wa kiume. Alipogunduliwa alitolewa uwanjani, kwa madai kwamba mwanamke katika mstari wa askari anaharibu uhalisi. Mwanamke huyo alikwenda mahakamani, na mwaka 1993 mahakama ikampa haki. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata katika vita vyenyewe walikuwapo wanawake, na wanahistoria wamewabaini kwa mamia, waliokata nywele, wakajipa majina ya kiume na kupigana. Basi aliyefukuzwa kwa jina la uhalisi alikuwa na uhalisi zaidi ya wale waliomfukuza. Neno hili "uhalisi" ni kama mizani ya duka: usiisadiki mpaka uone ni nani anayeishika.

Mfano wa tatu ni mchungu zaidi. Mwaka 2010, huko Ohio, mgombea mmoja wa Bunge la Marekani alionekana katika picha amevaa sare ya Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler. Yeye na wenzake walikuwa wakiigiza kitengo kimoja cha jeshi hilo, na utetezi wao ulikuwa kwamba wanapenda historia. Hapana shaka vifungo vilikuwa sahihi. Lakini yule aliyechukuliwa usiku nyumbani kwake akiwa na nguo ya kulalia, akapelekwa kambini na kuuawa, yeye hana sare ya kuigwa; kwa hiyo katika mchezo huo hayupo. Wajerumani wenyewe, ambao nguo hizo zilishonwa kwao, wamepiga marufuku kwa sheria kuonyesha alama za Wanazi hadharani, isipokuwa kwa sababu chache kama vile elimu na sanaa. Walijifunza kwa gharama kubwa kwamba nguo si nguo tu.

MWENYE SARE NA MWENYE MZIGO

Sasa turudi kwetu, maana huku ndiko kipimo cha sare kinakovunjika kabisa.

Sare ya askari wa Schutztruppe inajulikana vizuri: kaki, vitambaa vya kuzungushia miguu, na tarbushi iliyovishwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kuzuia jua kisogoni. Inajulikana pia kwamba vita vilipoanza mwaka 1914 askari wengi Waafrika wa jeshi hilo walikuwa na bunduki za namna ya mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumwonyesha adui mahali mpigaji alipo. Inajulikana kwamba nguo zilipokwisha, kwa kuwa manowari za Waingereza zilifunga njia ya baharini, vitambaa vilifumwa humu humu nchini na kutiwa rangi ya miti ya porini. Upande wa Waingereza, inajulikana kwamba askari wengi wa Keya walipiga masafa yao marefu bila viatu. Mpenda mchezo anaweza kuyatafuta hayo yote katika vitabu na picha, akayapata, akashinda.

Lakini ni nani aliyeibeba bunduki ya mtombo milimani? Ni nani aliyebeba unga, risasi, dawa, hema la ofisa, kiti cha ofisa na chupa za ofisa? Katika nchi ambayo ndorobo waliua farasi na nyumbu, na mvua zilizamisha magari, jeshi lilitembea juu ya vichwa na mabega ya watu. Waingereza peke yao waliandikisha, na mara nyingi waliwakamata kwa nguvu, wapagazi wapatao milioni moja katika sehemu mbalimbali za Afrika. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha kilo 25, na njia haikuwa na mwisho. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa nimonia, kwa njaa, na kwa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea wala hawakupewa wasaa wa kuupika ukaiva. Hesabu za Waingereza wenyewe zilikaribia wafu laki moja. Wapagazi wa upande wa Wajerumani, na wanavijiji waliokufa baada ya chakula chao kuchukuliwa na majeshi yote mawili, hakuna aliyewahesabu kwa uangalifu.

Sasa tumwite mkaguzi wa mashindano amkague mpagazi. Kofia? Hana. Buti? Hana. Mkanda? Hana. Ana blanketi, na kisahani cha namba. Atapata alama ngapi? Sifuri. Na mwigizaji gani atakayetoka nyumbani kwake asubuhi ya likizo, apande ndege, ili aje kushindana kwa sifuri?

Tusidhani kwamba ubaguzi huu ni wa wachezaji peke yao. Wachezaji wameurithi kutoka kwa serikali zilizoendesha vita. Baada ya mwaka 1918 wakuu wa Uingereza waliamua kwamba katika nchi hizi wafu wazungu watapewa makaburi yenye majina, na Waafrika watapewa sanamu za jumla. Mwaka 1927 ikazinduliwa katikati ya Dar es Salaam Sanamu ya Askari, mahali ilipokuwapo sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, mpaka Waingereza walipoiondoa mwaka 1916. Ni sanamu nzuri. Kila mpita njia anaifahamu. Lakini itazameni vema: ni askari mmoja, na sare yake, na bunduki yake yenye singe. Mpagazi hayupo juu ya jiwe lile. Mpagazi amebaki katika jina la soko: Kariakoo, jina lililotokana na "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Watu hununua nyanya na vitenge juu ya jina hilo kila siku, na ni wachache wanaojua kwamba wanatamka jina la watu waliozikwa bila jiwe.

Mwezi Aprili mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kosa hilo. Ilisema kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kuandika maneno hayo. Na mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Hapa dola tatu za Massachusetts na rupia za Kariakoo ni ndugu wa tumbo moja.

MTIHANI WA UFAGIO

Kipo kisa kinachoonyesha jambo hili kuliko hoja zetu zote. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa malimbikizo ya mishahara wazee waliokuwa askari wa Schutztruppe na ambao walikuwa bado hai. Mwandishi Mmarekani Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu vita hivyo, anasimulia kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, wakaja wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare zao zilizochakaa. Wengine hawakuleta chochote. Ndipo ofisa wa benki aliyeleta fedha akapata njia: kila mzee akakabidhiwa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Anasema hakuna hata mzee mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki husimuliwa Ulaya kwa tabasamu, kama sifa ya utii wa askari Mwafrika. Sisi tukisome kwa jicho letu. Yalikuwa, kwa hakika, mashindano ya kumwigiza askari: mzee aliigiza ujana wake mwenyewe mbele ya mkaguzi mgeni, kwa ufagio, ili apewe haki yake iliyocheleweshwa miaka 46. Na tuulize swali ambalo msimulizi hakuliuliza. Kama siku hiyo angefika mzee mwingine, aliyewabebea askari hao risasi zao kutoka Tanga hadi Msumbiji, angeonyesha nini? Hakuna amri ya gwaride ya kubeba mzigo. Hakuna "shika mzigo" na "weka mzigo" katika kitabu cha jeshi. Angesimama mbele ya meza na kovu lake la begani, na kovu halina namba katika orodha ya mkaguzi.

Na lipo la pili. Kaki ile ile inayotafutwa leo na wapenda mchezo kwa sababu ya vita vya 1914 ilivaliwa pia mwaka 1905 hadi 1907, wakati wa Vita vya Maji Maji. Waliovaa kaki walichoma mashamba na maghala ya chakula ya kusini, na njaa ikamaliza kazi ambayo risasi haikuimaliza. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wa Kingoni walinyongwa Songea. Kila mwaka tarehe hiyo hukumbukwa pale pale. Mwezi Novemba mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha. Ikiwa mkuu wa nchi ameona haya mbele ya historia ya sare hiyo, basi mtu anayeivaa kwa kushindana hana budi kujibu swali moja kabla ya kupewa zawadi: sare hii ilipoingia kijijini, watu walikimbilia wapi?

WAZEE WETU WALIVYOIGIZA

Atatokea msomaji aseme: lakini hata sisi tumeigiza askari. Ni kweli, na hatuna sababu ya kuficha. Tangu miaka ya 1890 ilizuka katika pwani ya Afrika Mashariki ngoma ya beni. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na tarumbeta na matoazi, vyeo vya majenerali na makapteni, sare nyeupe zilizopigwa pasi, na gwaride. Navyo vilishindana vikali. Vita vya 1914 viliisambaza beni mpaka bara na mpaka maziwa makuu, ikibebwa na askari na wapagazi wa pande zote mbili. Na katika mwambao wa Ziwa Nyasa mtindo huo wa gwaride uliendelea katika ngoma ya mganda.

Wako wasomi na watu wa dini wa wakati ule walioiita kasumba, kwamba ni kumwiga bwana. Lakini mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba ndani ya sare hizo za kuigiza mlikuwa na jambo zito. Vyama hivyo vilimpokea mgeni mjini, vilimsaidia mgonjwa, vilimzika mwenzao aliyefia ugenini. Mtu ambaye serikali ilimwita boi alikuwa kapteni siku ya ngoma, na siku ya msiba aliwajibika kama kapteni. Hakuna mwanabeni aliyedai kwamba kifungo chake ni sawa na kifungo cha kweli. Aliichukua sare ya mkubwa akaitumikisha kwa ajili ya wadogo. Huo ndio uigizaji wenye akili, na hapo ndipo tofauti ilipo: mmoja anauliza sare ilikuwaje, mwingine anauliza sare itamfaa nani.

TUFANYE NINI

Hatupendekezi kupiga marufuku mchezo wa watu wengine katika nchi zao. Wala hatusemi kwamba sare za kale zichomwe. Zihifadhiwe, maana ni ushahidi, na ushahidi hauchomwi. Tunasema kwamba sisi tusikipokee kipimo hicho na kukiingiza katika shule zetu na makumbusho yetu.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waigize vita vya 1914 asianze kwa kutafuta kaki na kuchonga bunduki za mbao. Sheria zetu zenyewe haziruhusu raia kujivalia sare za majeshi bila idhini, kwa sababu sare ni dhamana. Aanze na mzigo. Awaonyeshe kilo 25 ni kiasi gani, awaambie wapime kwa ramani umbali kutoka Dodoma hadi Mahenge, kisha wahesabu mtu angehitaji chakula kiasi gani ili afike, na alipewa kiasi gani. Hilo ni somo la historia, la hesabu na la jiografia kwa wakati mmoja, na halihitaji bajeti ya nguo. Awatume wanafunzi nyumbani wakaulize: katika ukoo wetu ni nani aliyechukuliwa "ukariakoo" akarudi, na ni nani asiyerudi? Wajukuu wa watu hao ni wazee sasa. Kila mwaka unaopita bila kuulizwa unazika majina pamoja nao.

Mtumishi wa umma naye ana sehemu yake. Ofisa utamaduni wa wilaya na mtendaji wa kijiji wanajua, au wanaweza kujua, mahali ambapo wazee huonyesha kwa kidole na kusema: pale walizikwa wapagazi. Mahali hapo paandikwe katika daftari la ofisi kabla hapajagawiwa viwanja. Wakubwa wa Tume ya Makaburi wamekiri wenyewe kwamba majina hayakuandikwa. Basi lililobaki ni sisi kuyapeleka. Haifai kulalamika kwamba wageni wametusahau wakati jalada letu wenyewe ni tupu.

Na mwenye makumbusho anayetundika koti la askari katika kabati la kioo aandike chini yake mambo manne kwa Kiswahili chepesi: aliyelivaa alilipwa kiasi gani; nani alimbebea chakula chake; kijiji kipi kilichomwa na waliovaa koti kama hilo; na ni nani aliyehudumu vita hivyo hivyo bila kupewa koti. Koti lisilojibu maswali hayo ni pambo la ukutani.

Ndugu wasomaji, vita vile vilimalizika huku kwetu tarehe 25 Novemba 1918, Wajerumani waliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia. Siku hiyo majeshi yalisimama katika mstari, sare zao zimechakaa, zikahesabiwa bunduki moja moja mpaka ya mwisho. Hesabu za bunduki zipo. Hesabu kamili za waliozibeba hazipo mpaka leo. Anayetaka kushindana kwa uhalisi, ashindane kulijaza pengo hilo. Akilileta jina moja la mpagazi, na kijiji chake, na mahali alipofia, tutampa zawadi ya kwanza bila kumtazama amevaa nini.